Ukimkuta mchezaji kwa kinyozi: tunayoamini na yalivyo kweli

Jumatatu moja jioni, kwa kinyozi Tabata, aliingia beki wa timu moja ya Ligi Kuu. Timu yake ilikuwa imefungwa jana yake, na bao la pili lilipita upande wake. Alivaa kandambili na kofia aliyoishusha mpaka kwenye nyusi, na begani alimlaza mtoto wa miaka mitatu hivi, amesinzia. Akatoa salamu, akaketi kwenye benchi, akasubiri zamu. Mzee aliyekuwa kwenye kiti, povu shavuni, akamtazama kupitia kioo: "Pole na kazi, mwanangu." Akajibu, "Shikamoo mzee wangu, asante." Basi, mashine ikaendelea kunguruma.

Kisha kijana aliyekaa mlangoni akanyanyua simu akaanza kurekodi, bila kuomba. Beki akamgeuzia mgongo, akamfunika mtoto uso kwa kiganja. Kesho yake video ilikuwa imeshasambaa kwenye magrupu, sekunde chache tu, chini yake maneno: "Kafungisha timu halafu anaringa."

Mzee hakuonekana kwenye video ile. Salamu haikusikika. Na hakuna aliyejiuliza kiganja kilikuwa kinafunika nini. Nimeifikiria sana jioni ile, kwa sababu mimi ni shabiki, ninaupenda mpira wa nchi hii, na inaniuma tunavyowahukumu watu tunaokutana nao dakika mbili mtaani kwa mambo ambayo mengi si kweli.

"Kakataa hata soda yangu"

Nianze na hili kwa sababu ndilo linalozua chuki haraka. Umemkuta mchezaji mgahawani, umefurahi, umeagiza soda ipelekwe mezani kwake, anaisukuma pembeni. Au umemkaribisha kwenye kahawa ya kijiweni, anasema amefunga ilhali si mwezi wa Ramadhani. Watu wanasema amejaa majivuno, au anaogopa kurogwa.

Ukweli uko kwenye kanuni za kupambana na dawa haramu michezoni. Chini ya kanuni hizo, mchezaji ndiye anayewajibika kwa chochote kitakachokutwa mwilini mwake, hata kama hakujua kimeingiaje. "Nilipewa na mtu" haimwokoi. Mkumbuke Kolo Touré, beki wa Ivory Coast. Mwaka 2011, akiwa Manchester City, alipimwa akakutwa na dawa iliyokatazwa. Hakuwa amejidunga sindano gizani. Alikuwa ametumia vidonge vya mkewe vya kupunguza uzito. Alifungiwa miezi sita. Ikiwa kidonge kutoka kabati la nyumbani kwake kilimgharimu nusu mwaka wa kazi, hebu fikiria glasi ya juisi iliyotengenezwa na mtu asiyemfahamu.

Ndiyo maana wengi wanakubali chupa ya maji ambayo haijafunguliwa na kukataa kinywaji kilichokwisha kumiminwa. Ukimpa chupa yenye kizibo, na bado akasema asante sitakunywa, muelewe. Kazi yake iko ndani ya damu yake.

"Niambie tu nani anaanza kesho, mkeka wangu usichanike"

Swali hili huulizwa kwa utani, na mchezaji akinyamaza anaambiwa ana siri za kijinga. Lakini siku hizi kila kijiwe kina mtu wa mikeka, yaani tiketi za kubeti, na habari ya nani mgonjwa, nani hayumo kikosini, nani anahama, ina thamani ya fedha. Sheria za soka zinamkataza mchezaji kubeti mpira, na zinamkataza vilevile kumpa mtu mwingine habari za ndani zitakazotumika kubeti.

Kieran Trippier, beki wa kulia wa England, alifungiwa wiki 10 Desemba 2020 na kupigwa faini ya pauni 70,000. Kosa lenyewe? Habari za uhamisho wake kutoka Tottenham kwenda Atletico Madrid mwaka 2019 zilifika kwa jamaa zake, wakazibetia. Hakuuza mechi wala hakufungisha timu. Alizungumza na watu wa karibu kuhusu maisha yake mwenyewe.

Kwa hiyo kiungo unayekutana naye kwenye foleni ya mafuta akikuambia "tumuombe Mungu tu kaka", amekupa jibu pekee analoruhusiwa kutoa. Na mtaani kwetu kuna la hatari zaidi: timu ikifungwa, yule aliyeonekana akicheka na mtu juzi yake ndiye anayetajwa kuwa "kala mshiko", yaani kahongwa. Wachezaji wamejifunza kwamba kusimama sana na watu kunaweza kugeuka ushahidi wa bandia. Nikimwona anaharakisha kuingia garini wiki ya dabi, siwezi kumlaumu.

"Staa wa kweli huwezi kumkuta, mpaka uwe na mtu"

Hapa hadithi ninayoipenda kuliko zote ni ya N'Golo Kanté, kiungo wa Ufaransa, wakati huo akiwa Chelsea. Jumamosi ya tarehe 15 Septemba 2018, Chelsea iliifunga Cardiff City 4–1 uwanjani Stamford Bridge, Eden Hazard akifunga mabao matatu. Baada ya mechi Kanté alitaka kwenda Paris kwa treni, treni ikamwacha. Akaenda kuswali kwenye msikiti ulio karibu na stesheni ya King's Cross. Pale akakutana na watu waliokuja kuswali kama yeye, mmoja wao shabiki wa Arsenal, naye akamkaribisha nyumbani. Kanté akaenda. Wakala mchuzi wa kuku, wakacheza gemu la mpira, wakaangalia pamoja kipindi cha BBC cha mechi za siku ile. Picha walizopiga wakiwa wamekaa kwenye kochi zikazunguka dunia nzima.

Ilikuwa miezi miwili kamili tangu anyanyue Kombe la Dunia Moscow, tarehe 15 Julai. Hakukuwa na wakala, tiketi maalumu wala "mtu wa ndani". Kulikuwa na swala, salamu, na mwenyeji aliyemwona mgeni aliyekosa safari kabla ya kumwona bingwa wa dunia. Na mwenyeji ni wa Arsenal! Anayejua uhasama wa mahasimu wa London ataelewa ukubwa wa jambo hilo.

Si Kanté peke yake. Julai 2023, siku chache kabla ya kutambulishwa rasmi Inter Miami, Lionel Messi alipigwa picha akiwa na familia yake kwenye supamaketi huko Florida, anasukuma toroli la manunuzi kama baba yeyote anayenunua vitu vya nyumbani.

Hapa kwetu ni rahisi zaidi. Ligi ikisimama, wachezaji wa Ligi Kuu wanaonekana kwenye viwanja vya mchangani, wengine wakitazama ndondo mtaani walikokulia, wengine wakiingia uwanjani kabisa ingawa klabu zao haziipendi habari hiyo kwa hofu ya majeraha. Victor Wanyama wa Kenya, wakati huo akiwa Tottenham, alikuja Dar es Salaam mapumzikoni Juni 2017, na Manispaa ya Ubungo ikaupa mtaa mmoja jina lake. Kibao hakikudumu, kiliondolewa mapema, watu wakiuliza mbona Mbwana Samatta, mshambuliaji wetu, hana. Lakini kijana wa Ubungo aliyesimama pale siku ile alimwona kiungo wa Ligi Kuu ya England kwa macho yake, bila kupanda ndege.

Mwezi uliofuata, tarehe 13 Julai, Everton ya England ilicheza na Gor Mahia ya Kenya kwenye Uwanja wa Taifa, ambao sasa ni Benjamin Mkapa. Wayne Rooney alifunga bao lake la kwanza tangu arudi klabu yake ya utotoni. Shabiki mmoja akaruka kutoka jukwaani, akakimbia hadi kati ya uwanja na kumkumbatia. Rooney alitabasamu, na wengi wetu tulicheka kwa furaha. Ila nasema wazi: njia ile si ya kuiga. Anayeingia uwanjani anakamatwa, mwenyeji wa mechi anaweza kutozwa faini, na mchezaji hana namna ya kujua kama anayemkimbilia amebeba mapenzi au kisu.

"Wa Simba na wa Yanga hawasalimiani"

Nimemsikia mtu akiapa kwamba alimwona mchezaji wa Yanga mezani na wa Simba, na kwamba huo ni usaliti. Watu hawa hulala kambi moja wakiitwa Taifa Stars, wanagawana vyumba, wanaombeana dua. Walikwenda pamoja Misri kwenye AFCON, fainali za Mataifa ya Afrika, ya 2019, ya kwanza kwetu baada ya miaka 39. Na wanahama. Haruna Niyonzima wa Rwanda alitoka Yanga akaenda Simba mwaka 2017, kisha akarudi Yanga. Clatous Chama wa Zambia, aliyeimbwa Msimbazi, nyumbani kwa Simba, kwa miaka, alivaa jezi ya kijani na njano ya Yanga mwaka 2024. Uhasama wa Kariakoo ni mali yetu sisi wa majukwaani, nami naupenda kwa moyo wote. Kwa mchezaji, yule wa upande wa pili ni mwenzake wa kazi, na msimu ujao huenda wakabadilishana viatu chumba kimoja.

"Ana hela, hawezi kukosa elfu kumi"

Mwaka 2016 FIFPRO, umoja wa wachezaji wa kulipwa duniani, ulitoa matokeo ya utafiti uliowafikia wachezaji karibu 14,000 katika nchi 54. Zaidi ya asilimia 45 walikuwa wanapata chini ya dola 1,000 kwa mwezi. Asilimia 41 walikuwa wamecheleweshewa mshahara ndani ya misimu miwili iliyotangulia. Hao ni wachezaji wa kulipwa, wenye jezi zenye majina mgongoni.

Gari unaloliona huenda ni la mkopo, au la kaka yake. Mkataba ni wa mwaka mmoja au miwili, goti likipasuka hesabu zinaanza upya, na nyuma yake kuna mama, wadogo zake na watoto wa shangazi wanaosubiri ada. Kila anapopita anaombwa na watu wanane kabla hajafika getini. Wa tisa ndiye anayeambiwa "sina, kaka", na wa tisa ndiye anayeeneza habari mtaani.

"Ni mtu wa watu, hana faragha"

Ibara ya 16 ya Katiba ya Tanzania inampa kila mtu haki ya kuheshimiwa na kupata hifadhi kwa nafsi yake, maisha yake binafsi na ya familia yake. Haikuandikwa "isipokuwa mawinga". Mkewe hakusaini mkataba na klabu. Mtoto wake ndiyo kabisa.

Haki hiyo ina upande wa pili, na mchezaji naye anabanwa. Aprili 2022, baada ya Manchester United kufungwa na Everton uwanjani Goodison Park, Cristiano Ronaldo aliipiga simu ya mtoto wa miaka 14 ikaanguka chini. Chama cha soka cha England kilimfungia mechi mbili na kumtoza pauni 50,000. Hasira ya kufungwa haikukubaliwa kuwa kisingizio.

Kuhusu picha, wanaokutana nao mara kwa mara, kinyozi, fundi magari, muuza matunda, wanajua utaratibu: salamu kwanza, mpe pole au hongera, subiri amalize kula au kusuka au kunyolewa, kisha uliza. Wengi wanakubali. Wanaokataa mara nyingi wanasema sababu, ukiwapa nafasi ya kusema.

"Akistaafu, kwisha habari yake"

Hili ndilo linalonisikitisha kuliko yote. Julai 1977 Simba iliifunga Yanga 6–0, Abdallah Kibaden akafunga matatu peke yake. Mwaka 1979 kule Ndola, Peter Tino aliisawazishia Tanzania dhidi ya Zambia, 1–1, na bao lile likatupeleka fainali za Afrika za 1980 nchini Nigeria. Wanaume wa vizazi vile wamo miongoni mwetu, kwenye daladala, kwenye foleni za zahanati, na vijana wanawapita kama nguzo za umeme.

Mwaka jana, kwenye pantoni ya Kigamboni, nilikaa na mzee mmoja mwenye kikapu cha dagaa. Alipoinuka kumpisha mama mwenye mtoto, aliinuka kwa shida, mkono kwenye goti la kushoto. Nikamuuliza, mzee, goti limekuwaje? Akaniambia mwaka, mpinzani, na kona iliyopigwa. Alicheza miaka saba, timu kubwa. Jina lake nilikuwa nimelisikia kwa baba yangu. Nilimwambia hivyo, na akauliza baba yangu alikuwa anakaa upande gani wa uwanja. Nikamwambia upande wa mzunguko. Akacheka, akasema wa kule ndio waliokuwa wanapiga kelele kuliko wote, alikuwa anawasikia.

Pantoni ikagonga gati. Nikambebea kikapu mpaka juu kwenye bajaji. Picha sikuomba, na yeye hakuuliza kwa nini. Aliniuliza tu kama baba bado yupo, nikamwambia yupo, akasema, "Msalimie sana."