Wekundu wa kinywaji hauongezi damu

Mjamzito akiambiwa kliniki kwamba damu yake ni 9, kabla hajafika nyumbani ameshapewa ushauri wa majirani, na wote ni wa rangi moja: bitiruti, juisi ya rozela, soda nyekundu ichanganywe na maziwa.

Kwanza, hiyo 9 si lita wala asilimia. Ni gramu za himoglobini, protini iliyo ndani ya chembe nyekundu, katika desilita moja ya damu, na kwa mjamzito chini ya 11 huhesabiwa kuwa ni upungufu. Watu hudhani damu yenyewe imekauka mwilini. Kumbe mimba huongeza ujazo wa damu; tatizo ni kwamba maji yake, yaani plazma, huongezeka kuliko chembe nyekundu, na damu inakuwa nyepesi. Hata kwa mtu asiye na mimba, zaidi ya nusu ya damu ni plazma, ambayo ina rangi ya manjano. Chembe nyeupe na chembe sahani, zile zinazosaidia damu kuganda, hazifiki hata asilimia 1.

Wekundu wa damu unatokana na himoglobini, protini yenye madini ya chuma. Wekundu wa bitiruti ni rangi ya mmea tu, na kwa wengine hutoka na mkojo ukiwa vilevile. Soda ndiyo kabisa, ni sukari na rangi. Chuma kipo kwenye nyama na dagaa, kipo pia kwenye maharage na mboga za majani, hasa ukila na chungwa au limau. Chai ya kushushia chakula hupunguza ufyonzwaji wake. Na vile vidonge vya kliniki ambavyo wengi huvificha kabatini kwa sababu ya kichefuchefu vina chuma kuliko jagi zima la juisi. Ila kama chanzo ni malaria inayopasua chembe, au minyoo ya safura inayonyonya damu utumboni, chakula peke yake hakitoshi, chanzo kitibiwe.

Eti damu ya kwenye mishipa inayoonekana ya bluu ni ya bluu? Hapana. Ni nyekundu iliyokolea. Ngozi na mwanga ndivyo vinavyotudanganya.

Dhana inayoniudhi zaidi ni ile ya kwamba ukichangia damu mara moja utazoea, kisha damu itazidi mpaka utolewe tena. Figo ndizo zinazopima. Oksijeni inayobebwa na chembe nyekundu ikipungua, hutoa homoni ya erithropoietini inayouamuru uboho wa mifupa kutengeneza chembe nyekundu. Kiwango kikirudi, homoni nayo hushuka. Chembe moja huishi siku 120 hivi, kwa hiyo kazi hiyo haisimami hata kwa asiyewahi kuchangia. Plazma hurudi ndani ya siku moja au mbili, chembe nyekundu huchukua wiki kadhaa, na chuma ndicho huchelewa zaidi. Ndiyo maana Tanzania mwanaume husubiri miezi 3 kabla ya kuchangia tena, na mwanamke miezi 4.