Dhana Potofu Kuhusu Zawadi za Kutengeneza Nyumbani, na Ukweli Wake

Watu wengi wanaokusudia kutengeneza zawadi nyumbani, iwe ya harusi, ya arobaini ya mtoto, ya Idi au ya Krismasi, huanza wakiwa na imani mbili zinazofuatana: kwamba kazi ya mkono haigharimu kitu, na kwamba kwa kuwa haigharimu kitu, si zawadi ya heshima. Imani zote mbili zina kosa moja, nalo ni kutouhesabu muda wa mtengenezaji wala ujuzi wake wa malighafi. Ninaziandika hapa pamoja na nyingine zilizozaliwa nazo, kwa sababu naona zinavyowakatisha tamaa watu wenye mikono mizuri, na nyakati nyingine zinavyowatia hatarini.

«Zawadi ya mkono hutolewa na asiye na fedha»

Katika miji ya pwani, kuanzia Lamu na Mombasa hadi Unguja, na ng'ambo kule Oman na Komoro, kofia iliyodariziwa kwa mkono ndiyo kofia ya Idi na ya harusini. Kila tundu dogo la kofia ya viua huzungushiwa uzi kwa sindano, na kofia moja huchukua wiki kadhaa, nzito zaidi zikachukua miezi. Kofia inayofanana nayo iliyoshonwa kwa mashine hupatikana kwa bei ndogo sana sokoni, wala hakuna mzee anayezichanganya mbili hizo akiziona kwa karibu. Anayemdarizia kofia mumewe, mwanawe au mkwewe ametumia vitambaa na nyuzi za bei ndogo, lakini ametoa kitu ambacho mwenye fedha angelazimika kukilipia sana.

Rwanda nako, kikapu chenye mfuniko mrefu uliochongoka, agaseke, kinachosukwa kwa nyasi na nyuzi za mkonge, hubeba zawadi za harusini na chenyewe ni zawadi, na heshima yake ni kubwa kiasi kwamba kimewekwa katika nembo ya taifa. Thamani ya zawadi ya namna hiyo haijawahi kupimwa kwa bei ya nyasi.

«Ukitengeneza mwenyewe, lazima gharama ipungue»

Hili ndilo kosa la upande wa pili. Mtu anayenunua kopo la gundi, kopo la vanishi, brashi, mkasi mpya, uzi na vishikizo ili atengeneze mkufu mmoja tu atajikuta ametumia fedha zaidi ya zile ambazo angemlipa muuzaji wa mikufu. Unafuu huja pale kopo hilo hilo linapotoa mikufu kumi, au pale majirani watatu wanapochanga na kununua pamoja, kama wanavyofanya wasusi wengi wa mikeka wanaogawana mzigo mmoja wa ukindu, yaani majani ya mkindu ya kusukia. Kwa hiyo swali la kwanza ni idadi ya zawadi utakazozitengeneza kwa vifaa hivyo hivyo, na bei ya kitu kimoja kimoja hufuata baadaye.

Muda nao ni gharama. Mkeka wa ukili haushonwi juma la harusi: ukili husukwa kwanza kuwa utepe mrefu, mita kwa mita, ndipo tepe hizo zinapounganishwa ubavu kwa ubavu kwa sindano. Anayetaka kutoa mkeka mwezi wa Shawwal na aanze kusuka miezi mingi kabla, akitumia zile nusu saa za jioni ambazo vinginevyo zingepita bure.

«Malighafi ya porini ni ya bure na haiishi»

Ukindu unaofaa kusuka hutoka katika majani machanga ya mkindu, yale ya moyoni ambayo bado hayajafunguka. Hukaushwa juani siku kadhaa hadi yaelekee weupe, huchanwa nyembamba kwa upana mmoja, huchemshwa kwenye rangi yale yatakayotiwa rangi, kisha hulowanishwa kidogo kabla ya kusukwa ili yasivunjike. Asiyejua hatua hizi hukata majani makubwa ya kijani, husuka siku hiyo hiyo, na baada ya muda mfupi hushangaa kuona kapu lake limelegea na kuacha mianya, kwa kuwa jani bichi husinyaa linapokauka.

Kubwa zaidi ni kwamba jani la moyo ndilo uhai wa shina. Mkindu unaokatwa kila jani changa linapochomoza hudumaa, na kichipukizi chenyewe kikikatwa shina hilo hufa. Wasusi wenye busara huchukua jani moja, wakaacha mengine, wakarudi baada ya muda. Jambo hili lina uzito zaidi sasa, kwa sababu mahitaji ya makapu yameongezeka tangu mifuko ya plastiki ilipopigwa marufuku, Kenya mwaka 2017 na Tanzania Bara mwaka 2019, na kapu la sokoni limerudi kuwa zawadi ambayo mtu huitumia kila siku. Ninalifurahia sana hilo, mradi mikindu ibaki.

«Takataka yoyote inafaa kutengenezewa zawadi»

Haifai yoyote, huchaguliwa. Mfano mzuri kabisa ni shanga za karatasi, kazi ambayo wanawake wa Kireka, pembezoni mwa jiji la Kampala, wameifanya ikajulikana mbali. Karatasi ngumu na yenye mng'ao, ya kalenda ya ukutani au ya gazeti la rangi, hutoa shanga imara. Karatasi ya gazeti la kila siku hutoa shanga laini, na wino wake hupaka vidole.

Karatasi ya kawaida ya ofisini ina urefu wa sentimita 29.7 na upana wa 21, na kalenda yoyote inaweza kukatwa kwa kipimo hicho. Ukiichora kwa pembetatu ndefu zenye kitako cha sentimita 2, moja ikielekea juu na inayofuata ikielekea chini, utapata shanga karibu 20 bila kutupa karatasi ila vipande vya pembeni. Kila pembetatu huviringishwa juu ya kijiti chembamba cha mishikaki kuanzia kwenye kitako, ikakazwa, na ncha yake ikatiwa tone la gundi. Kitako ndicho kinachoamua urefu wa shanga, na urefu wa pembetatu ndio unaoamua unene wake. Kisha hupakwa vanishi mara mbili au tatu, kila mara ikiachwa ikauke kabisa, kwa kuwa shanga isiyo na vanishi hufumuka kwa jasho la shingoni. Mkufu wa sentimita 45, ukitenganisha shanga hizo kwa ushanga mdogo wa dukani, haumalizi karatasi mbili. Hapa gharama ni ndogo kweli, na sehemu kubwa ya gharama hiyo ni vanishi.

Upande wa pili wa jambo hili ni wa tahadhari. Chupa au galoni iliyowahi kuwa na dawa ya kuulia wadudu haiwi chombo cha maua, cha kalamu wala cha kuchezea mtoto, hata ioshwe mara ngapi. Wala plastiki isiyeyushwe kwa moto jikoni ili kupata umbo, maana moshi wake ni sumu kwa anayefanya kazi na kwa watoto walio karibu naye.

«Bila cherehani na kipaji huwezi»

Chukua kipande kimoja cha kanga. Doti ina vipande viwili, na kila kipande kina urefu wa takriban sentimita 150 na kimo cha takriban 110. Ukikata kwa kufuata kimo, vipande vya upana wa sentimita 42, utapata vitatu, na kila kimoja kinatosha foronya ya mto wa kochi wa sentimita 40 kwa 40, ile ya kufunika kama bahasha, isiyohitaji zipu wala kifungo. Pinda ncha mbili fupi za kitambaa, kikunje upande wa ndani ukiwa nje, ncha moja iilalie nyingine kwa kiasi cha sentimita 25, ushone kingo mbili za pembeni, kisha uigeuze. Hiyo ni mishono minne iliyonyooka, na sindano ya mkono inaiweza kwa jioni moja au mbili ikiwa mishono ni midogo na uzi ni imara. Kwa hiyo doti moja hutoa foronya sita, ambazo ni zawadi kamili kwa maharusi wanaoanza maisha.

Yapo mambo mawili ambayo wengi huyasahau. Kanga mpya ifuliwe na kuanikwa kabla ya kukatwa, kwa sababu ina wanga wa kiwandani, huweza kurudi kidogo, na nyekundu yake hupenda kuchuja mara ya kwanza. La pili ni jina, yaani maandishi ya kanga. Hukaa katikati, chini ya mji, ile sehemu ya kati ya kanga, na mkasi unaopita bila kupanga huyakata katikati ya neno. Mwenye kumjua atakayepokea angependa jina hilo libaki zima upande wa mbele. Basi itandaze sakafuni, pima kwanza, na ikibidi kata foronya mbili badala ya tatu katika kipande hicho. Uamuzi wa namna hii haudai kipaji; unadai subira tu. Hata ukili, unaoonekana wa ajabu ukiwa umekwisha kuwa mkeka, ni mrudio wa hatua ile ile, chane moja juu, moja chini, na watoto wa pwani wamejifunza kwa kukaa kando ya nyanya zao.

Kuhusu dai kwamba kazi hizi ni za wanawake peke yao, jibu ni fupi: mafundi cherehani wengi wa mitaani kwetu ni wanaume, wavuvi husuka madema yao ya kutegea samaki wenyewe, na mitepe, vyombo vya kale vya baharini vya visiwa vya Lamu, ilishonwa na wanaume kwa kamba za makumbi.

«Sabuni ya nyumbani haina kemikali»

Hapa ndipo ninapoomba msomaji atulie, kwa sababu sabuni ya mafuta ya nazi ni miongoni mwa zawadi nzuri na za bei nafuu ambazo mkazi wa pwani anaweza kutengeneza, na pia ndiyo inayoumiza watu wasipoambiwa ukweli. Hakuna sabuni ya mche isiyotengenezwa kwa kemikali kali. Mafuta hugeuka sabuni yanapokutana na kostiki soda, na soda hiyo huunguza ngozi na kupofusha macho. Ikipimwa sawasawa, huisha yote kwa kuungana na mafuta, na ndiyo sababu sabuni iliyokomaa haiunguzi. Isipopimwa sawasawa, hubaki ndani ya mche. Magadi ya dukani hayashiki nafasi yake.

Kwa hiyo kipimo cha vikombe na vijiko, ambacho husambazwa sana, kiachwe. Tumia mizani ya jikoni inayosoma gramu. Gramu 500 za mafuta ya nazi huhitaji gramu 91.5 za kostiki soda ili yageuke yote. Sabuni ya kufulia na kunawia mikono ipunguziwe soda kwa asilimia 5, yaani gramu 87. Ya kuogea ipunguziwe zaidi, kwa asilimia 15, yaani karibu gramu 78, kwa sababu sabuni ya nazi tupu husafisha mno na kukausha ngozi. Maji gramu 200 yanatosha.

Soda ndiyo humiminwa ndani ya maji, kidogo kidogo, wala maji yasimiminwe juu ya soda, kwa sababu huchemka ghafla na kuruka. Fanya nje au karibu na dirisha, ukiwa na glavu na miwani, watoto wakiwa mbali. Usitumie sufuria ya alumini, ambayo soda huila na kutoa gesi inayoshika moto. Tumia chuma kisichoshika kutu au plastiki nzito. Ikikurukia, osha kwa maji mengi yanayotiririka, kwa muda mrefu. Maji ya soda yakishapoa, changanya na mafuta, koroga hadi yawe mazito kama uji, mimina kwenye kasha, na uikate siku hiyo hiyo ingali laini, maana sabuni ya nazi hukauka upesi na kupasuka chini ya kisu. Kisha iache mahali penye hewa kwa wiki nne hadi sita. Itatoa povu hata kwa maji ya chumvi, sifa ambayo mafuta mengi mengine hayana. Andika kwenye karatasi ya kufungia tarehe ya kutengenezwa na mafuta yaliyotumika, kwani wapo ambao ngozi zao hazipatani na nazi, na wana haki ya kujua.

«Rangi ya asili haichuji, na kitu cha asili hakihitaji matunzo»

Manjano hutoa rangi ya kupendeza siku ya kwanza na hupauka upesi sana juani, hata kitambaa kikitiwa shabu ya kushikisha rangi. Ndiyo sababu wasusi wengi wa mikeka hununua rangi ya unga dukani na kuichemsha pamoja na ukindu, na hakuna aibu yoyote katika hilo. Adui wa mkeka na kapu ni unyevu: vikilowa na kuhifadhiwa bila kukauka, huota kuvu na kuoza mahali paliposhonwa. Unapokabidhi zawadi ya ukindu, mweleze anayeipokea aifute kwa kitambaa chenye unyevu kidogo, aikaushe kivulini penye upepo, na asiukunje mkeka bali auviringishe, kwa sababu ukunjo unaorudiwa mahali pamoja ndio unaokata ukili kwanza.