Lori la Zamani Kutoka Mtwara Hadi Dar: Dhana Zinazokwamisha Watu Njiani na Ukweli Wake

Klabu ya malori ya zamani ikipanga safari ya likizo kutoka Mtwara, maneno ya kwanza huwa juu ya umri wa injini. Umri si tatizo. Bedford au Scania 110 iliyofungwa vizuri itakwenda Dar es Salaam na kurudi. Kinachoiua njiani ni joto: la maji, la tairi na la breki. Na mara nyingi joto hilo linaletwa na mambo yanayofanywa kwa nia njema, kwa kuwa fundi alishauri au madereva wamezoea.

"Siku hizi ni lami tupu, siku moja tunafika"

Daraja la Mkapa lilipofunguliwa mwaka 2003 liliondoa adha ya kivuko cha Rufiji, hilo ni kweli. Lakini Mtwara hadi Dar ni takriban kilomita 560. Lori linalotulia kwenye mwendo wa 55 kwa saa, ukihesabu vijiji, vilima, mizani na kusimama kukagua magurudumu, wastani wake ni 40 hivi. Hizo ni saa 14 juu ya kiti kigumu na usukani usio na pawa. Mtu akichoka hivyo ndipo anapokosea gia kwenye mteremko.

Igawe. Siku ya kwanza pita Lindi na Nangurukuru, ulale Kilwa Masoko, karibu kilomita 300. Ukiondoka saa 12 asubuhi utafika kwenye saa 8 mchana, jua bado lipo na fundi anaona anachofanya. Pumzika siku nzima, vukeni kwenda kuyaona magofu ya Kilwa Kisiwani, kisha mmalizie sehemu iliyobaki.

Wakati mzuri ni Juni hadi Septemba. Mvua za kusini huanza kati ya Novemba na Desemba na kuendelea hadi Aprili, na madhara yake huweza kuchelewa: Mei 2024, baada ya Kimbunga Hidaya, barabara hii ilikatika mkoani Lindi. Kuanzia Oktoba nayo ni msimu wa korosho, malori ya mizigo yanajaa barabarani.

"Toa themostati, injini haitachemsha"

Hakuna ushauri wa gereji unaotusikitisha kama huu. Themostati ni valvu inayofungua njia ya maji kwenda kwenye rejeta injini ikipata moto. Injini nyingi za zamani zina njia ya pembeni inayorudisha maji ya moto kwenye pampu bila kupita kwenye rejeta. Kwenye baadhi yake, themostati inapofunguka ndiyo inayoiziba njia hiyo. Ukiitoa, sehemu ya maji inazunguka na moto wake bila kupozwa, na lori linachemsha palepale ulipodhani umelitibu. Alfajiri nako injini inakaa baridi muda mrefu, dizeli haiungui yote, na ile isiyoungua inaosha oili kwenye kuta za silinda.

Kuipima hakuhitaji gereji. Fungua themostati kwa mkono, bana uzi mwembamba kwenye mdomo wake, kisha ining'inize kwa uzi huohuo ndani ya sufuria ya maji isiguse chini. Weka kipimajoto, pasha moto polepole. Iliyoandikwa 82 itaachia uzi na kudondoka maji yakikaribia nyuzi 82. Ikidondoka mapema sana au ikang'ang'ania hadi maji yanatokota, inunuliwe nyingine.

Kama lori bado linachemsha, tafuta chanzo halisi. Bonyeza mkanda wa feni katikati kwa kidole gumba: uzame kama sentimita moja na nusu, si zaidi. Kagua mfuniko wa rejeta na mpira wake. Osha mapezi ya rejeta kwa maji yanayotoka upande wa injini kwenda nje, kwani mbegu za nyasi na wadudu huingilia mbele. Kisha washa injini ipate moto, zima, subiri feni isimame, upapase rejeta kwa kiganja. Palipo baridi, mirija yake imeziba.

Jambo moja hushangaza wageni wa njia hii. Kusi linavuma kutoka kusini, na wewe unakwenda kaskazini. Upepo ukiwa mgongoni, hewa inayopita kwenye rejeta inapungua, hivyo lori linalokwenda Mtwara bila shida linaweza kuchemsha likielekea Dar. Rudi gia moja ili feni izunguke haraka zaidi, wala si kukanyaga mafuta.

Maji ya visima vya pwani mara nyingi yana chumvi, na huacha ukoko ndani ya injini kama wa birika. Beba lita 20 za maji safi ya mvua, au kulanti (maji maalumu ya kupozea injini) iliyochanganywa tayari. Na injini ikichemsha usimwage maji baridi papo hapo. Silinda hedi itapasuka. Subiri nusu saa, funika mfuniko kwa kitambaa uufungue kidogokidogo, kisha ongeza maji taratibu injini ikiwa inaunguruma.

"Tairi likipata moto, lipunguze upepo"

Tuhesabu. Alfajiri, joto likiwa nyuzi 25, umeweka upepo wa psi 90. Mchana hewa ndani ya tairi imefika nyuzi 65, geji inasoma kama 104. Hiyo ni hali ya kawaida, tairi limetengenezwa kuivumilia. Ukitoa hadi 90, likipoa litakuwa na 78 tu. Kesho linaanza safari likiwa na upepo pungufu, ubavu unajikunja zaidi, joto linapanda zaidi, na linapasuka. Pima upepo tairi likiwa baridi. Likiwa na moto usioweza kuwekea kiganja, punguza mwendo au simama kivulini.

Tairi lisilo kipara pia si lazima liwe zima. Malori ya klabu hukaa uani miezi mingi, na raba huzeeka kwa jua hata bila kutembea. Soma tarakimu nne za mwisho kwenye ubavu: 1416 ni wiki ya 14 ya mwaka 2016. Zikiwa tatu tu, tairi ni la kabla ya mwaka 2000, liachwe nyumbani.

Kila kituo, tandiboi apige kila tairi kwa nyundo. Kwenye magurudumu pacha ya nyuma, moja likiisha upepo jirani yake hulibeba na macho hayaoni kitu, ila sauti inakuwa nzito. Aangalie pia mawe yaliyokwama katikati ya mapacha.

Na rimu za pete, zile zenye pete ya chuma inayoshikilia tairi, zinaua. Kabla ya kulegeza nati yoyote, toa upepo wote kwa kung'oa kiini cha valvu, wa matairi yote mawili kama ni mapacha. Wakati wa kujaza, funga mnyororo kuzunguka tairi na rimu, tumia mpira mrefu, na asisimame mtu mbele ya pete.

"Mteremko weka nyutro, uokoe dizeli"

Pampu ya dizeli ya zamani yenye gavana (kidhibiti cha mzunguko wa injini) hukata mafuta unapoinua mguu lori likiwa kwenye gia. Nyutro ndiyo inayokula dizeli, kwa kuwa injini inabaki sailensa, yaani inaunguruma polepole bila kukanyagwa. Tena inakunyima msaada wa injini. Atakayeingiza Newala kwenye ziara, kushuka kutoka uwanda wa Makonde kutampima: dramu zikipata moto hutanuka na pedali inazama. Mafuta ya breki ya DOT 3 mapya huchemka nyuzi 205, lakini yakishanyonya unyevu hushuka hadi karibu 140, na pwani unyevu ni wa kila siku. Badilisha yote kabla ya safari. Shuka na gia ambayo ungepandia, na uiweke kabla mteremko haujaanza.

"Spea zipo njiani"

Tyubu, oili na mikanda ya kawaida utapata Lindi. Gasketi ya hedi ya Bedford 330, hapana. Beba gasketi, pampu ya maji, hozi zote, mikanda miwili na filta tatu za dizeli. Tangi lililolala muda mrefu huachia kutu likitikiswa. Ukibadilisha filta, legeza skrubu ya juu yake, piga pampu ya mkono mpaka dizeli itoke bila mapovu, kaza, kisha fanya hivyohivyo kwenye pampu kubwa.

"Msafara mzuri ni ule ulioshikana"

Malori yakifuatana karibu karibu, basi haliwezi kuyapita moja moja, na dereva wake atajaribu kuyapita yote kwa pamoja. Acheni mita 100 au zaidi. Zito kuliko yote litangulie, gari la spea liwe la mwisho. Njia panda ya Nangurukuru, kila mmoja amngoje wa nyuma yake hadi amwone anakata kona. Asiyemwona mwenzake kwenye kioo apunguze mwendo, na wa mbele naye atapunguza, hivyo habari itafika kwa kiongozi hata pasipo na mtandao wa simu.