Kabaka Mutesa II na viti viwili: yanayosemwa na yaliyokuwa

Ikitajwa Uganda ya miaka ya 1960, wengi humzungumzia Mutesa II kama mtu aliyekuwa na kila kitu: Kabaka, yaani mfalme, wa Buganda, ufalme ulio ndani ya Uganda, na juu ya hapo rais wa nchi nzima. Naona masimulizi hayo yanamdhulumu. Cheo cha pili ndicho kilichommaliza.

Dhana: Kabaka akisema, limekwisha.

Kwa heshima, ndiyo. Waganda, watu wa Buganda, humwita Ssabasajja, mkuu wa wanaume wote, na kumpigia magoti hadi leo. Kwa sheria, hapana. Mkataba wa 1900 kati ya Buganda na Uingereza, uliotiwa saini na walezi wa baba yake Mutesa, Daudi Chwa II, wakati huo mtoto asiyetimiza hata miaka 4, ulikuwa na kifungu cha 6: Uingereza itamtambua Kabaka maadamu yeye, machifu na watu wake wanashirikiana nayo kwa uaminifu. Mutesa alipoukalia ufalme mwaka 1939, akiwa na umri wa miaka 15, alirithi na kifungu hicho.

Dhana: Waingereza walimfukuza kwa sababu ya kiburi chake.

Juni 1953 Waziri wa Makoloni wa Uingereza, Oliver Lyttelton, alitoa hotuba London akagusia shirikisho la Afrika Mashariki. Buganda ikashtuka, maana watu walikuwa wakiona jinsi walowezi walivyoishika Kenya. Gavana wa Uganda, Andrew Cohen, akamtaka Mutesa akubali maamuzi ya serikali na kuyaunga mkono mbele ya Lukiiko, baraza la Buganda. Angekubali, watu wake wangemwona amewauza. Alikataa. Tarehe 30 Novemba 1953 kifungu cha 6 kikatumika, akapandishwa ndege kwenda London siku hiyohiyo.

Alirudi Oktoba 1955. Watu walimpokea kwa shangwe ambayo hajawahi kuipata, lakini mkataba mpya ulikuwa umekabidhi shughuli za utawala kwa mawaziri wa Buganda. Mapenzi ya watu yalizidi, madaraka yakapungua.

Dhana: Urais ulimwongezea nguvu.

Hili ndilo kosa kubwa kuliko yote. Tarehe 9 Oktoba 1963 Mutesa akawa rais, kwa makubaliano kati ya chama cha UPC (Uganda People's Congress) cha Milton Obote na Kabaka Yekka, chama cha waliotaka ufalme ulindwe. Lakini Obote, waziri mkuu, ndiye aliyeendesha serikali. Rais alitakiwa kutia saini alicholetewa.

Suala la kaunti zilizopotea likaonyesha maana yake. Miaka ya 1890 Waingereza waliipa Buganda ardhi ya Bunyoro, ufalme jirani, kama zawadi ya kuwasaidia kupigana na mfalme wake, Omukama Kabalega. Katiba ya uhuru iliagiza wakazi wa Buyaga na Bugangaizi, mbili kati ya kaunti hizo, waulizwe wanataka kuwa upande gani. Mutesa alijaribu kuwahamishia Ndaiga, ndani ya Buyaga, Waganda waliowahi kuwa askari, ili kura zao zisaidie. Serikali ikaamua kwamba watakaopiga kura ni waliokuwa kwenye daftari la 1962 tu. Tarehe 4 Novemba 1964 wakazi wakachagua Bunyoro, kwa kura nyingi sana.

Na nyaraka za kuzihamisha kaunti hizo zilihitaji saini ya rais. Yaani Ssabataka, mkuu wa wakuu wa koo, aidhinishe kwa mkono wake kupungua kwa nchi ya Buganda! Asipotia saini, rais anaivunja katiba aliyoapa kuilinda. Simtetei kwa jambo la Ndaiga: Wanyoro walikuwa na haki ya kurudishiwa kwao. Ila sioni kalamu ambayo mtu yule angeishika bila kumsaliti mmoja wa waajiri wake wawili. Alikataa kutia saini, na Obote akatia mwenyewe. Mengo, makao makuu ya ufalme, kukawaka ghasia, na Katikkiro (waziri mkuu wa Buganda) Michael Kintu akajiuzulu. Buganda ikamlaumu Kabaka kwa kupoteza ardhi, na serikali ikamlaumu rais kwa kugoma.

Dhana: Mwaka 1966 ulikuwa ugomvi wa Obote na Mutesa tu.

Ugomvi ulikuwepo. Februari Obote aliwakamata mawaziri wake watano, akaisimamisha katiba na kumwondoa Mutesa kwenye urais. Mutesa naye alikiri kwamba aliulizia msaada wa kijeshi kutoka nje, kama tahadhari, na Obote akaupata mwanya. Lakini lililoharakisha mambo lilikuwa azimio la Lukiiko la tarehe 20 Mei, lililoitaka serikali kuu iondoke katika ardhi ya Buganda. Siku nne baadaye jeshi, likiongozwa na Idi Amin, likalishambulia jumba la Mengo. Mutesa aliruka ukuta wakati mvua kubwa ikinyesha, akapitia Kongo hadi Burundi, kisha Uingereza. Wahenga walisema mshika mawili moja humponyoka; Mutesa yalimponyoka yote.

Dhana: Amin aliurudisha ufalme.

Aliurudisha mwili. Mutesa alifariki London Novemba 1969, na mwaka 1971 Amin, yuleyule aliyeongoza shambulio la Mengo, akauleta ukazikwa Kasubi, kwenye makaburi ya wafalme wa Buganda. Falme zilizofutwa mwaka 1967 ziliendelea kuwa zimefutwa hadi 1993, alipotawazwa mwana wa Mutesa, Ronald Muwenda Mutebi II. Miaka miwili baadaye, kifungu cha 246 cha katiba mpya kikamkataza kiongozi wa jadi kushiriki siasa za vyama maadamu yuko kwenye kiti chake.