Kocha, siku tano hazitoshi

Msimu wa kupanda mlima wa Juni hadi Oktoba ukikaribia, mimi kiongozi wa wapandaji naanza kupokea ratiba za vikundi vya wanafunzi kutoka ng'ambo, na zote utadhani zimeandikwa na mtu mmoja. Wiki ya kwanza: kupaka rangi madarasa kijijini, jioni kukimbia na vijana wa Moshi. Wiki ya pili: mazoezi mara mbili kwa siku, asubuhi vilima, jioni vyuma. Halafu siku tano za mwisho Kilimanjaro kwa njia ya Marangu, kushuka, kuoga, uwanja wa ndege wa KIA, kwaheri. Nikiuliza kwa nini siku tano, naambiwa hawa si watalii wa kawaida, ni wanariadha. Wiki hii jibu hilo limekuja na kiambatanisho: jedwali la muda wa kila mtoto kwenye mbio za mita elfu tano. Nimeshalijibu jambo hili kwa simu, kwa barua pepe na kwa WhatsApp hadi nimechoka. Naliandika hapa, na kocha atakayefuata nitamtumia kiungo tu.

Kuwa fiti hakumkingi mtu na ugonjwa wa mwinuko, yaani kuumwa kwa kupanda juu haraka kuliko mwili unavyozoea. Chukua kijana wa miaka 17 anayemaliza mita elfu tano kwa dakika 16, na mwalimu wake wa hisabati mwenye kitambi. Walaze wote kambi ya Horombo usiku wa pili. Mimi, na miaka yangu yote ya mlimani, sina namna ya kujua nani ataamka anatapika. Ukinilazimisha kuweka dau, nitaliweka kwa kijana.

Hewa ya kilele cha Uhuru ina oksijeni asilimia 21, sawasawa na hewa ya Tanga. Kinachopungua ni mgandamizo wa hewa. Kwenye mita 5,895 umebaki karibu nusu ya ule wa pwani, kwa hiyo kila pumzi inaingiza karibu nusu ya kile ulichozoea. Mwili unafidia kwa kupumua zaidi. Ukipumua zaidi unatoa kaboni dayoksaidi nyingi, damu inaelekea ualkali, kinyume cha asidi, na ubongo ukihisi hivyo unaibana pumzi, hasa usingizini. Ndiyo ile hali ya mtu kuvuta pumzi tatu nne za nguvu, kisha kimya, hadi mwenzake wa hemani anawasha tochi kuangalia kama yu hai. Zinazoilegeza hali hiyo ni figo, kwa kutoa bikaboneti, chumvi yenye ualkali, kwenye mkojo, nazo huchukua siku kadhaa. Diamox, ile dawa ya mwinuko, inafanya kazi kwa kuziharakisha figo hizo hizo, ndiyo maana wanaoimeza hawaachi kwenda chooni na vidole vinawachonyota.

Sasa niambie, kocha: ni zoezi gani la figo ulilowapa vijana wako? Kukimbia kunajenga moyo na miguu. Figo hazijui kama umekimbia.

Tena kuna jambo ambalo makocha hawapendi kulisikia. Ukimpima mwanariadha aliyeiva na mtu wa kawaida, halafu ukawapandisha wote, mara nyingi mwanariadha ndiye anayepoteza sehemu kubwa zaidi ya uwezo wake wa kutumia oksijeni. Moyo wake unasukuma damu kwa kasi kubwa kiasi kwamba inapita kwenye mapafu kabla haijajaa vizuri. Chini huoni tofauti, juu inaonekana. Ni injini ya Scania iliyofungiwa mpira wa mafuta wa pikipiki. Bado anaweza kuwa na nguvu kuliko mwenzake, sikatai. Lakini pengo ambalo kocha amelizoea uwanjani linapungua, na kijana mwenyewe ndiye wa mwisho kukubali.

Hiyo ni fiziolojia, na kusema kweli si sababu kubwa inayonifanya niweke dau langu kwa kijana. Sababu kubwa ni tabia. Mtu mwenye kitambi anapanda taratibu kwa sababu hana namna nyingine. Mwanariadha ana namna nyingine. Unamwambia pole pole, anaitikia kwa adabu, halafu ukigeuka kumfungia mtu kamba za viatu ameshakuwa kona ya tatu, akishindana na wenzake nani atafika kambini kwanza. Anafika, anakaa juani akiwasubiri wengine, na saa mbili usiku kichwa kinampasuka. Fulana za "pole pole" wanazinunua Moshi wakishashuka. Laiti wangeuziwa getini.

Na akishaumwa, anaficha. Hapa ndipo ninapoomba wasomaji ambao si makocha wanivumilie, maana ndilo linaloninyima usingizi kambini. Mtalii mzima anayejilipia mwenyewe atalalamika hata kama supu haina chumvi. Mwanafunzi wa timu amefundishwa tangu utotoni kwamba maumivu humezwa. Nyumbani kachangiwa fedha na majirani ili apande. Kocha amekaa meza ile ile ya chakula. Kisha mimi naingia na karatasi yangu, nauliza mmoja mmoja: kichwa? kichefuchefu? umelala? umekula? Wote wanajibu "safi kabisa", kwa sauti moja, kama wanaitikia darasani. Karatasi inasema kikundi kizima kina afya, na sahani zinarudi jikoni zimejaa. Mimi huwa naziamini sahani. Mpishi wangu anajua nani mgonjwa kabla yangu, na wagumu, yaani wapagazi, wanajua kabla ya mpishi, kwa sababu wao ndio wanaosikia nani ametoka hemani usiku kutapika.

Kwa hiyo na vikundi vya wanafunzi nimeweka utaratibu: maswali nauliza faragha, hema kwa hema, na kocha hayupo. Wapo walionuna. Na kabla hatujafika getini tunakubaliana kwa maandishi kwamba nikisema mtoto anashuka, anashuka. Kocha ana mamlaka uwanjani kwake. Mtoto ambaye hawezi kutembea mstari ulionyooka, kisigino mbele ya vidole, ubongo wake unaanza kuvimba. Huyo hatupigi naye hadithi wala hatusubiri asubuhi. Anayehema akiwa amekaa, na kifua kinakoroma, maji yanaingia kwenye mapafu. Oksijeni na dawa tunazo, ila kazi yake ni kutununulia muda wa kumshusha.

Kuna wanaonitajia rekodi. Karl Egloff, mkimbiaji wa milimani, alipanda na kushuka Kilimanjaro mwaka 2014 kwa chini ya saa saba, na Simon Mtuy, mtu wa hapa hapa kwetu, aliweka rekodi yake mwaka 2006 akiwa amejibebea kila kitu mwenyewe. "Sasa kwa nini watoto wangu watumie wiki?" wananiuliza. Kwanza, Egloff amezaliwa Quito, mji ulioko kama mita 2,850, na Mtuy amekulia na kufanya kazi kwenye mlima huu. Pili, ugonjwa wa mwinuko kwa kawaida huanza saa sita hadi kumi na mbili baada ya kufika juu. Mtu wa saa saba anakuwa ameshashuka ugonjwa ukiwa bado unavaa viatu. Anayemuiga kwa siku tano anapata ubaya wa pande zote mbili: amekaa juu muda wa kutosha kuugua, na hakukaa muda wa kutosha kuzoea.

Wengine wanapitia Iten kwanza, wanakimbia na Wakenya, kisha wanavuka mpaka kuja kwetu. Afadhali hao kuliko wanaotoka ufukweni Zanzibar, lakini tuelewane kuhusu wanachokuja nacho. Iten ni mita 2,400. Utafiti wa Levine na Stray-Gundersen wa mwaka 1997, ule ambao makocha wote wanaunukuu kuhusu kulala juu na kufanya mazoezi chini, ulitumia wiki nne kwenye mita 2,500. Siku kumi za Iten hazikuongezei chembe nyekundu za damu za kujivunia. Zinakuzoesha kupumua, ndiyo, kwa mwinuko ule, na ukikaa Moshi kwenye mita mia nane na kitu unaanza kuyapoteza hayo mazoea siku baada ya siku. Na Iten iko chini ya kambi ya Mandara, ambako tunalala usiku wa kwanza kabisa.

Hesabu yenyewe ni nyepesi. Mwongozo wa madaktari wa milimani unasema ukishapita mita 3,000, mahali pa kulala pasipande zaidi ya mita 500 kwa usiku, na kila baada ya siku tatu au nne upumzike siku moja. Marangu ya siku tano: Mandara 2,720, Horombo 3,720, Kibo 4,720, na usiku huo huo unaamshwa kwenda kileleni. Mita elfu, mita elfu, halafu elfu na ziada. Hata njia ya Lemosho ya siku nane haiufuati mwongozo kwa ukamilifu, ina mruko mmoja au miwili mikubwa, lakini katikati unapita Lava Tower kwenye mita 4,600 na kurudi kulala Barranco chini ya 4,000, halafu Karanga ambako hujapanda karibu kitu. Hizo nyusiku ndizo unazolipia. Ukiniletea ratiba, sitaangalia jedwali la mita elfu tano, nitahesabu nyusiku zilizo juu ya mita 3,000.

Malaria nayo haimo kwenye ratiba ya mtu yeyote. Mtoto anaumwa na mbu wiki ya kwanza akijitolea huku tambarare. Vimelea huchukua siku saba na zaidi kabla homa haijatokea. Hesabu siku: yuko wapi homa inapoanza? Yuko Horombo. Kichwa kinauma, amechoka, anatapika, na kila mtu, pamoja na kiongozi mvivu, anasema ni mwinuko. Mimi natembea na kipimajoto na vipimo vya haraka vya malaria, na homa kali nikiiona siiiti mwinuko hadi nimepima. Wengi huacha kumeza dawa za kinga wakishaingia getini, eti mlimani hakuna mbu. Mlimani hakuna mbu, lakini waliokuuma walikuuma chini.

Kwenye vitabu mambo haya yamenyooka kuliko nilivyoyaona mimi. Ile oksimita ya kidoleni, kipimo cha oksijeni kwenye damu, naibeba kwa sababu ofisi na wazazi wanapenda namba, lakini nimeona mtu wa asilimia 74 akiimba na mtu wa 86 akibebwa, na kwenye baridi ya kambi ya Barafu kidole kilichoganda kinakupa namba yoyote kinayotaka. Maji lita nne kwa siku tunahimiza wote, ingawa sijaona ushahidi kwamba maji yanazuia ugonjwa wa mwinuko. Yanazuia ukavu, ambao unafanana nao, na ukizidisha unajiletea balaa jingine la chumvi kupungua kwenye damu. Diamox kwa walio chini ya miaka 18 namwachia daktari wao wa nyumbani na mzazi, na bado sina raha nayo: ikimsaidia mtoto kulala, nafurahi, kocha akiitumia kupunguza siku mbili kwenye ratiba, najiuliza tunamtibu nani. Na ndiyo, siku nane zinaniingizia fedha zaidi kuliko tano. Nalijua hilo, na msomaji ana haki ya kuliweka kwenye mizani.

Basi mazoezi hayana maana? Yana maana kubwa, ila makocha wanayaelekeza pasipo. Kilichobaki baada ya kilele, kwa wanaopita Lemosho, ni kushuka kutoka 5,895 hadi kambi ya Mweka, iliyo karibu mita 3,100, siku hiyo hiyo, juu ya changarawe, baada ya kukesha. Hapo ndipo magoti ya waogeleaji na waendesha baiskeli yanapolia. Wafundishe kushuka ngazi na mzigo mgongoni, wiki nyingi kabla hawajapanda ndege. Wakifika hapa waache mazoezi ya mara mbili kwa siku. Mtu hajengi misuli wiki ya mwisho, anajichosha tu. Kama ni lazima wafanye kitu, wapeleke Mlima Meru. Miriakamba iko kama mita 2,500, Saddle kama 3,550, kilele 4,566, siku tatu au nne na askari wa hifadhi mwenye bunduki. Hayo ndiyo mazoezi ninayoyatambua.

Na kujitolea kuhamie mwisho. Makocha wanakataa, wanasema watoto watakuwa wamechoka. Siku mbili za kwanza baada ya kushuka ni kweli, hakuna atakayechuchumaa kupaka rangi sehemu ya chini ya ukuta, wape vitabu vya maktaba wavifunike majalada wakiwa wamekaa. Ila tumbo likichafuka kijijini halitamharibia mtu safari ya mlimani, na kundi lililokuja Juni litazikuta shule zetu zimefunguliwa, maana katikati ya mwaka huwa zinafunga hadi mwanzoni mwa Julai. Mpangaji wa ratiba ya wiki hii alikuwa ameandika "kufundisha Kiingereza darasa la tano", tarehe 15 Juni. Viza nayo waulize mapema, ya utalii hairuhusu kazi ya kujitolea, na hilo ni la ofisi ya uhamiaji, mimi sitoi kibali.