Nyama ya samaki-simba haina sumu ya miiba

Katika bahari ya Karibi, samaki-simba ni mvamizi anayemeza samaki wachanga wa matumbawe, na maadui wake ni wachache mno. Kumvua na kumla kunasaidia sana, lakini wengi humkwepa wakidhani nyama yake ina sumu. Sumu imo katika miiba 18 tu: 13 ya mgongoni, 2 ya tumboni, 3 karibu na mkundu. Vaa glavu nene, kata miiba kwa mkasi hadi shinani, kisha mpare kama samaki mwingine. Hata akifa, miiba yake bado ina sumu. Ukichomwa, loweka jeraha kwenye maji ya moto yasiyozidi nyuzijoto 45, dakika 30 hadi 90, kwani joto huvunja sumu hiyo. Kisha nenda hospitali. Kwetu Bahari ya Hindi, samaki-simba ni mwenyeji, si mvamizi.