Kaloko-Honokōhau: ukuta wa mawe uliolisha watu

Ukifika pwani ya Kona, magharibi mwa kisiwa cha Hawaii, unapokelewa na uwanda mweusi wa mawe ya volkano. Mvua ni haba, mto hakuna, jua kali. Watu waliishije hapa? Jibu liko ufukweni, katika hifadhi ya Kaloko-Honokōhau, na sisi tunaofanya kazi ya malikale tunawasihi wageni waende kulitazama kwanza, picha za kasa zije baadaye.

Kaloko ni bwawa la samaki. Wahawaii wa kale waliziba mdomo wa ghuba kwa ukuta wa mawe unaozidi mita 200, bila chokaa wala saruji. Sogea uuangalie. Kila jiwe limechaguliwa likalie mwenzake, na nyufa zilizoachwa zina kazi yake: wimbi likigonga, maji huingia kati ya mawe na nguvu zake huishia humo. Ukutani kuna milango inayoitwa mākāhā, yenye vijiti vilivyosimamishwa karibukaribu. Samaki wadogo hupita humo wakifuata maji, hula mwani, hunenepa, na wakitaka kurudi baharini hawapenyi tena. Mvuvi wa Kilwa au Malindi aliyewahi kujenga wando, uzio wa kunasia samaki, ataielewa hila hii mara moja. Hata samaki wenyewe anawajua: mkizi, na mwatiko, ambaye huko huitwa awa.

Bwawa la pili, ʻAimakapā, limetengwa na bahari kwa ukingo wa mchanga. Siku hizi ni makao ya ndege wa majini walio hatarini kutoweka.

Mahali hapa hapakuhifadhiwa kwa bahati. Mwaka 1972 Bunge la Marekani liliagiza pafanyiwe uchunguzi, Wahawaii wenyeji wakashiriki kuandika mapendekezo ya mwaka 1974, na hifadhi ikaanzishwa mwaka 1978. Ninalisisitiza hili kwa sababu wageni wengi huyaona mawe haya kama magofu, ilhali kuna mafundi wanaoendelea kuujenga upya ukuta wa Kaloko kwa ufundi uleule wa mababu.

Kwa hiyo usihamishe jiwe hata moja, wala usikanyage michoro iliyochongwa mwambani. Kasa wakipanda mchangani kuota jua, kaa mbali nao. Vaa viatu vigumu na ubebe maji ya kutosha, kwani vivuli ni vichache.

Kisha tafuta vidimbwi vilivyo katikati ya mawe. Havina mfereji wa kwenda baharini, lakini maji yake hupanda na kushuka pamoja na bahari, kwa kuwa chini kwa chini maji ya chumvi hukutana na maji baridi yatokayo mlimani. Usitie mguu, hasa ukiwa umejipaka mafuta ya kujikinga na jua, na kamwe usimwage samaki wa kufuga humo. Huwamaliza wenyeji wa vidimbwi. Chuchumaa tu, utulie. Kamba wadogo wekundu, ʻōpae ʻula, wasiofika urefu wa kucha ya kidole gumba, hutoka nyufani mmoja mmoja kuja kula.